Spika niiweke wapi? Naunda gemu ya mkononi, viganja vinaziba kila kona

kete_64 (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wakuu wa jukwaa.

Nipo Unguja, naunda kifaa cha gemu cha mkononi. Ndani kuna Raspberry Pi Pico (bodi ndogo ya kompyuta), skrini ya inchi 2.8 yenye nukta 320 kwa 240, na seli moja ya 18650 (betri ya duara ya kuchaji) niliyoitoa kwenye betri kuukuu ya laptop. Upande wa programu sina wasiwasi: bao la kiswahili limekamilika, mashimo 32 na kete 64, na mashindano ya ngalawa yamefika pazuri. Kilichonikwamisha ni ganda.

Mchoro wangu uko hivi. Kifaa kimelala, upana mm 150, kimo mm 70, unene mm 20. Skrini katikati, msalaba wa mielekeo kushoto, vitufe vinne kulia, viwili vya begani juu, Start na Select chini ya skrini. Spika ni moja, ya duara, kipenyo mm 28, ohm 8. Nimeiweka kona ya chini kulia kama ilivyokuwa kwenye Game Boy ya Nintendo ya 1989. Kwenye karatasi inapendeza kweli. Nikakata boksi gumu kwa vipimo hivyo, nikachomeka spika, nikampa mdogo wangu acheze. Sauti inakuja na kupotea kila akihamisha gumba.

Spika ikae wapi? Iwe moja au mbili? Na msalaba uwe juu kiasi gani? Mfuko wangu mwembamba, spea nanunua Darajani, prinita ya 3D ni ya kuazima.

#2 Chake2Unguja

Kabla ya spika tuambie kwanza, hilo bao lina namua na nyumba, au ni la watoto la kuzungusha tu?

#3 kete_64

Namua, mtaji, nyumba, kimbi, vyote vimo. La kujifunzia lipo pembeni. Turudi kwenye spika jamani.

#4 Darajani_Spea

Kona ile ya Game Boy ilikuwa na haki yake. Kile kifaa kinasimama wima. Betri zake nne za AA zimekaa nyuma upande wa chini, uzito wote uko viganjani, vidole vimezunguka ubavuni. Kona ya chini kulia inabaki wazi na inamtazama mchezaji.

Nintendo walipokilaza kifaa mwaka 2001, Game Boy Advance, spika moja waliiacha pale pale, chini ya vitufe vya kulia. Ukiishika mwenyewe utaona mnofu wa gumba ulivyo jirani na vitundu. Advance SP ya 2003 spika ikahamia katikati, baina ya msalaba na vitufe. DS ya 2004 wakaweka mbili, ubavuni mwa skrini ya juu, ambako hakuna kidole kinachofika. Sony nao toleo la 2007 la PSP walizisogeza spika karibu na skrini. Steam Deck ya 2022 zote mbili zinamtazama mtu usoni.

Wote wameukimbia mkono. Wewe unaanzia walikotoka.

#5 binti_mbweni

Kaka, weka kalamu chini kwanza.

Chukua lile boksi lako, au kama ni laini chonga mche wa sabuni ya kufulia mpaka ufike vipimo vyako. Kifunike chote kwa karatasi nyeupe. Mtu apake manjano ya unga viganjani na vidoleni, akishike anavyoshika gemu, kisha acheze kwa kujifanya dakika kadhaa: abonyeze, akasirike, ajisahau. Akikiweka chini, karatasi inakuonesha kila alipogusa. Rudia kwa mikono tofauti, ya mtoto wa miaka minane, ya mama, ya mtu mwenye viganja vya kubebea magunia ya karafuu. Kila mkono karatasi yake. Mwisho zipandanishe zote dirishani zipigwe na mwanga, utaona palipobaki peupe kwa wote.

Hapo ndipo panapoweza kukaa spika. Kwengine kote unabahatisha.

Siku hiyo usivae kanzu nyeupe.

#6 Chake2Unguja

Manjano na mche wa sabuni, hii karakana au jiko?

#7 kete_64

Nimefanya, dada. Mikono ya nyumbani yote, pamoja na jirani yetu mchukuzi wa bandarini.

Pembe mbili za chini kwa mbele ni manjano tupu, hakuna mkono uliokwepa. Nyuma kumechafuka karibu kote isipokuwa utepe wa katikati. Ukingo wa chini mikono haiugusi sana, ila watoto wanaukalisha mapajani au juu ya godoro, na mmoja aliubana tumboni. Ukingo wa juu katikati ni safi. Kwa mbele peupe pamebaki pembe mbili za juu na utepe wa chini ya skrini.

Nimevutiwa na pembe ya juu kushoto, juu ya msalaba. Mwasemaje?

#8 FundiWaWete

Yakhe, hiyo pembe umeipima na kwa ndani? Hapo hapo ndipo kinapokaa kitufe cha begani, swichi yake, na nguzo ya skrubu. Kwa nje peupe, kwa ndani pana wenyewe.

Kisha tazama msalaba. Kidole cha shahada kikishakaa begani, gumba huangukia nusu ya juu ya kifaa. Kwa kimo chako cha mm 70, kitovu cha msalaba kiwe kama mm 28 kutoka ukingo wa juu. Msalaba wenyewe una mm 24, kwa hiyo juu yake zinabaki mm 16. Spika yako ina 28. Ili iingie itabidi uusukume msalaba chini, na mchezaji atakunja gumba mpaka limuume. Chini ya msalaba zinabaki mm 30, spika inaingia kwa raha zote. Ndiyo maana kila anayechora huvutika kuiweka chini: nafasi anaiona. Lakini nafasi ile imebaki kwa sababu kiganja kimeshaihodhi.

Mwanangu, weka vitufe kwanza panapotaka mkono. Spika itafute pake baadaye. Nimefungua redio tangu za mbao, na hata huko visu vya kutafutia stesheni ndivyo vilivyopangwa mwanzo.

#9 mashoto

Nyote mnasema msalaba kushoto kama vile ni sheria. Sie wa mkono wa shoto je? Gumba langu la kulia ni zito, la kushoto ndilo linalobonyeza haraka.

#10 binti_mbweni

@mashoto swali la haki. Atari Lynx ya 1989 ilikuwa na jozi mbili za vitufe, juu na chini, na picha inageuzwa. Ukikipindua kifaa chote, msalaba unahamia mkono wa kulia. Kilikuwa kikubwa mno kwa mfuko, lakini hilo walilifikiria.

Kwa kete_64 jambo hili halina gharama. Hesabu ya miguu (pini) ya Pico: vitufe 12, skrini 6, sauti 3, kadi ya kumbukumbu 2, kupima betri 1. Jumla 24 kati ya 26 iliyopo. Kila kitufe kinapata mguu wake, hakuna haja ya kuvipanga kwa safu na nguzo, kwa hiyo programu inajua kipi kimebonyezwa hata vikibonyezwa vitano kwa pamoja. Weka kwenye mipangilio chaguo la kugeuza picha nyuzi 180. Msalaba unabaki wa mielekeo, ila juu inasomwa chini na kushoto inasomwa kulia, na vitufe vinne A, B, X, Y navyo vinageuzwa vivyo hivyo. Kitu pekee: vitufe vinne vikae kwenye kimo kile kile cha msalaba, pasiwe na upande uliopanda. Mabega yanageuka kuwa chini, hilo tena halina dawa.

#11 mashoto

Bao halihitaji mabega. Nimeridhika.

#12 Mzee_wa_Udi

Vijana salaam. Mie kompyuta sizijui, nimeletwa hapa na mjukuu kwa sababu ya neno spika. Napiga udi kwenye taarab miaka mingi. Mnabishana tundu liwe wapi, sijaona mmoja aliyeuliza nyuma ya hiyo spika kuna nini. Udi ukiung'oa mgongo, nyuzi ni zile zile, mpigaji yule yule, na hamna atakayekaa kukusikiliza.

#13 kete_64

Shikamoo mzee wangu. Nyuma ya spika kuna nafasi tu, inatazama bodi na betri. Ganda lote si ndilo litakalokuwa mgongo?

#14 FundiWaWete

Mzee kasema kweli, na jibu lako ndilo linaloua sauti.

Ngozi ya spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Mawimbi mawili, moja kinyume cha jenzake. Wimbi la Hz 300 lina urefu wa zaidi ya mita moja, na spika yako haifiki hata sentimita tatu, kwa hiyo yale ya nyuma yanazunguka ukingoni bila shida na kuyafuta ya mbele. Kinachosalia ni mlio mwembamba wa juu. Watu husema spika mbovu, wanabadilisha, mpya nayo inalia vile vile.

Ganda lote halifai kuwa mgongo wake kwa sababu limejaa matundu: ya vitufe, ya chaja, ya kadi, ya swichi ya kuwashia. Hewa inachungulia kote huko. Vitufe navyo vinatikisika na kuzomea kwenye sauti fulani, hasa kofia za plastiki zilizolegea. Spika ijengewe kijumba chake kilichozibwa, na baina ya uso wa spika na ganda weka pete ya sponji ya gundi isiyopitisha hewa. Tundu la waya liguse gundi ya moto. Jaribu kuilisha sauti kabla na baada ya kuziba, usiniamini kwa maneno.

Kisha tobo za mbele. Spika ya mm 28 ngozi yake ina eneo la kama mm 450 za mraba. Ukitoboa vitundu 60 vya mm 1.5 unapata kama 106, yaani karibu robo. Hapo pazuri. Wengi hutoboa vitundu saba vya urembo wakashangaa.

#15 Mzee_wa_Udi

Huyo wa Wete anajua.

#16 Darajani_Spea

Basi iache ile duara. Kuna spika za simu za mstatili, mm 15 kwa 11, ohm 8, nyengine zinakuja na kijumba chake cha plastiki kimeshazibwa kiwandani. Ukipata hizo umemaliza habari ya mgongo. Kagua kama kijumba hakina ufa, kwa sababu nyingi zinang'olewa kwenye simu zilizokufa.

Bodi ya skrini yako ina kama mm 86 kwa 50, si ndiyo? Ipandishe, iache mm 5 juu. Chini zinabaki 15. Spika yenye kimo cha mm 11 pamoja na kuta zake inaenea. Moja kushoto, moja kulia, Start na Select baina yao. Ule utepe wako mweupe unatumika wote.

#17 Chake2Unguja

Mnajitesa. Simu yangu inatoa sauti ukingo wa chini na nasikia vizuri tu mpaka Mkoani. Muwekeeni huko, uso wa mbele ubaki msafi.

#18 binti_mbweni

Simu unaisikiliza ukiwa umeishika wima, ukingo wa chini unaning'inia hewani. Ukiigeuza ilale ucheze gemu, kiganja cha kulia au cha kushoto kinaziba tundu, na wewe mwenyewe unajikuta unaisogeza mkono. Na kete_64 kashasema watoto wanakalisha kifaa kwenye godoro. Godoro linameza sauti yote ya juu, ndiyo hiyo hiyo tunayoitegemea kwenye spika ndogo.

#19 Chake2Unguja

Nyuma je? Ule utepe safi wa katikati. Ukiweka mezani sauti inagonga meza inarudi.

#20 FundiWaWete

Nani anacheza gemu ya mkononi mezani? Kwenye dala dala sauti ya nyuma inakwenda kwa abiria wa mbele, mwenye gemu anaikosa. Tena nyuma ndiko kunakokaa betri yake ya 18650, ina kipenyo cha mm 18 ndani ya ganda la mm 20. Kuta ziko wapi?

#21 kete_64

Hilo la betri limenifumbua macho upande mwengine: itabidi unene uwe 23 kwa uvimbe wa nyuma, au nitafute seli bapa. Naelekea seli bapa, iende katikati nyuma ya skrini ili uzito usilalie upande mmoja.

Sasa, kama ni spika mbili, nipeleke sauti ya kushoto na kulia mbali mbali?

#22 binti_mbweni

Piga hesabu kidogo. Spika zako zitaachana kama mm 65. Mtoto anashika kifaa kama mm 350 kutoka usoni. Pembe inayotoka hapo ni nyuzi 10 au 11. Wanaosikiliza muziki kwa makini huweka spika mbili kwa nyuzi 60. Kwa nyuzi 10 sikio litatofautisha kwa shida ngalawa ya kushoto na ya kulia. Faida yako ya spika mbili ni nyengine: gumba likipotea likafunika moja, ya pili inaendelea, na sauti haiji na kupotea kama ilivyokutokea.

Zilishe sauti moja. Ohm 8 mbili zikiungwa sambamba zinakuwa ohm 4, na ampu (kikuza sauti) ya MAX98357A inazikubali. Mguu wake wa GAIN ukiuacha wazi unakuza desibeli 9, ukiuunga na waya wa umeme chanya inashuka hadi 6. Anza na 6. Spika hizi za simu zinapewa wati 1 au chini, ampu ile ikilishwa volti 5 inaweza kuzidi hapo.

Jengine muhimu kuliko yote: waya zote mbili za spika kwenye ampu hii zinaendeshwa, hakuna hata moja iliyo hasi ya kawaida. Usiiunge yoyote na hasi ya bodi. Ndiyo maana vilevile huwezi kuchukua waya hizo ukazipeleka kwenye tundu la hedifoni, kwa kuwa hedifoni ina hasi moja ya pamoja. Kama unataka hedifoni itafutie njia yake.

#23 kete_64

Hedifoni lazima iwepo. Nyumba zetu zina watu, baada ya saa nne usiku hakuna atakayevumilia mlio wa kete.

#24 FundiWaWete

Usiku kinachoudhi si spika peke yake. Hebu niambie vitufe vyako ni vya aina gani?

#25 kete_64

Swichi ndogo za mraba, mm 6 kwa 6, zile za kubofya.

#26 FundiWaWete

Hizo ndizo. Tak tak tak tak. Spika utaizima, swichi hutazizima.

Pia gumba linachoka. Swichi ile inashuka robo milimita tu kisha inagonga ukuta. Raba ya padi ya gemu inashuka milimita nzima au zaidi, inakuja polepole, inapokea kidole. Nenda kwenye kibanda chochote cha gemu Unguja, uliza padi zilizokufa. Zinakufa kwa kijiti cha kuelekezea, raba zake ndani bado nzima, ila ya kitufe kinachopigwa sana kwenye gemu za mpira wa miguu itakuwa imechanika, iangalie kabla ya kulipa. Chukua raba na kofia zake pamoja, uchore bodi yako ifuate matundu ya raba. Chini ya kila kidonge cheusi cha kaboni weka njia mbili za shaba zilizoingiliana kama meno ya chanuo, zisigusane.

Msalaba wake uwe na kinundu katikati kinachokaa juu ya bodi. Bila kinundu msalaba wote unazama, juu na chini vinabonyezwa pamoja, na ngalawa yako haitajua iende wapi. Huo mtindo wa kipande kimoja kinachoegemea katikati ni wa Gunpei Yokoi wa Nintendo, alioutia kwenye Donkey Kong ya Game & Watch mwaka 1982. Mpaka leo sijaona aliyeushinda.

#27 binti_mbweni

Naongeza kwenye raba: mguso wake unaruka-ruka kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, swichi nazo hivyo hivyo. Soma kila milisekunde moja, ukubali hali mpya ikitulia milisekunde 5. Picha moja ya gemu kwa kasi ya 60 kwa sekunde inachukua karibu 17, mchezaji hatahisi chochote.

Vitufe vinne vipe mm 17 baina ya vitovu vya vile vinavyotazamana, kofia za mm 8. Inafika mm 25, na kila upande wa skrini una mm 32. Start na Select vizamishe chini ya uso wa ganda, visije vikabonyezwa na mnofu wa gumba katikati ya mchezo.

#28 kete_64

Kwenye Game Boy A na B zimepinda, A iko juu zaidi. Na mie nizungushe vinne vyangu kidogo vifuate upinde wa gumba?

#29 Darajani_Spea

Viwili ndivyo vinavyopindwa, kwa sababu gumba moja linalala juu ya vyote viwili kwa pamoja. Vinne kwa mpango wa almasi, ule ulioanza na Super Famicom mwaka 1990, tayari vimeshapinda. Ukivizungusha utamharibia @mashoto.

#30 mashoto

Ahsante kwa kunikumbuka.

#31 FundiWaWete

Sasa maneno ya hewa ya huku, maana michoro mingi ya kwenye intaneti haijui chumvi. Ukiagiza bodi usikubali pedi za vitufe ziachwe na risasi ya kawaida juu yake. Inaota kutu nyeupe na uso wake haukai sawa, kidonge cha kaboni kinagusa leo kesho hakigusi. Lipia zile zilizopakwa dhahabu nyembamba. Bei inapanda, ila hapa Wete nimeona rimoti za televisheni zinakufa upande wa pedi kabla ya kitu kengine chochote.

Spika chagua yenye ngozi ya plastiki. Ya karatasi inanyonya unyevu, mwezi wa masika inalegea. Nyuma ya vitundu bandika kitambaa chembamba cha soksi za kike, kimoja tu, kisiguse ngozi. Kinazuia mchanga na rasharasha ya baharini ukiwa sitaha ya boti. Neti ya mbu macho yake makubwa mno, mchanga wa pwani unapita.

#32 binti_mbweni

Kama siku moja utaongeza kijiti, na ukachagua vile vya sumaku visivyosagika, kiweke mbali na spika. Sumaku ya spika inakidanganya kijiti, kinaegemea upande hata hakijaguswa. Hiyo nayo ni sababu ya kuzipenda hizi ndogo za chini ya skrini.

Na waya za spika zisipite sambamba na waya wa taa ya skrini. Taa ikipunguzwa mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka, spika inapiga mluzi hata gemu ikiwa kimya.

#33 kete_64

Nimejifunza mengi kuliko nilivyotaraji. Mpango mpya: msalaba na almasi vyote kitovu mm 28 kutoka juu, raba za padi kuukuu, Start na Select zimezama. Skrini imepanda, spika mbili za mm 15 kwa 11 chini yake zikitazama mbele, kila moja na kijumba chake, zimeungwa sambamba. Kila spika eneo lake la tobo nimelipa vitundu 20 vya mm 1.5. Seli bapa nyuma katikati. Jana nimechapa uso wa mbele peke yake nikaufunga juu ya boksi, nikarudia manjano. Vitundu vyote vimebaki vyeupe, hata kwa yule mchukuzi.

Tatizo lililobaki ni la upande wa milio. Ngoma ya kufungulia mashindano niliiandika Hz 100, haisikiki kabisa.

#34 Mzee_wa_Udi

Ngoma nene haitoki kwenye kitu cha ukubwa wa kucha. Piga dumbak badala yake, ile sauti ya ukingoni, "tak".

#35 binti_mbweni

Mzee kaniwahi. Ipandishe ianzie Hz 400, na milio ya kete iweke baina ya 800 na 3,000. Ukitaka uzito wa ngoma tia sauti zake za juu, 300, 400, 500 kwa pamoja. Sikio lenyewe litajaza ile 100 iliyokosekana.

#36 kete_64

Nimeijaribu hiyo ya 300, 400, 500. Wallahi inafanya kazi, inakuwa kama kuna kitu kizito kwa mbali.

Sauti ya kupandisha na kushusha: niiweke kwenye menyu, au vitufe viwili ubavuni?

#37 FundiWaWete

Gurudumu. Mtoto akiambiwa na bibi yake punguza hiyo, apunguze hapo hapo bila kusimamisha ngalawa. Ubavu wa kushoto, kwa chini, nusu yake izame ganda.

#38 mashoto

Ubavu wa kushoto chini, kwangu nikigeuza unakuwa kulia juu. Shahada yangu italigusa kila nikishika.

#39 Darajani_Spea

Ukingo wa juu katikati basi. Alisema mwenyewe mkono haufiki. Akigeuza linakuwa chini katikati, baina ya mapaja, halisuguliwi na kitu. Magurudumu ya redio ndogo ninayo, kilo-ohm 10, yenye swichi ya kuzimia mwisho wake. Ila juu ya skrini uliacha mm 5 tu, pima kwanza kama linaenea.

#40 kete_64

Nimepima. Gurudumu ni mm 16, linalala bapa nyuma ya bodi ya skrini, meno yake yanachungulia juu mm 2. Linaenea, ila seli itabidi ishuke kidogo. Na mguu wake wa kusoma utakula ule wa 25, umebaki mmoja. Nakuja Darajani Jumamosi, niwekee mawili.

#41 Chake2Unguja

Matatu. Na mie nataka changu.